Mkono Unataja Tarakimu, Mdomo Unataja Daraja: Namna ya Kusikilizana na Mchina Sokoni

Mara ya kwanza nilipoagiza mzigo Yiwu, mji wa masoko ya jumla huko China, mwenye duka alininyooshea vidole vitatu, kisha akafungua kiganja chote, huku mdomo ukisema "sān bǎi wǔ". Namba nilikuwa nazijua: sān ni tatu, bǎi ni mia, wǔ ni tano. Nikaandika 305 kwenye daftari, nikaagiza vichwa 40 vya cherehani, nikatoka kifua mbele. Ankara ikaja na 350 kwa kila kichwa. Yuan 45 mara 40 ni yuan 1,800, na hela hiyo nilikuwa nimeshaipangia nauli ya treni na zawadi za nyumbani. Nikabisha. Yule bwana akarudia vilevile, vidole vitatu, kiganja, "sān bǎi wǔ", safari hii kwa sauti ya kumwelewesha kiziwi.

Hakunidanganya. Kwa Kichina, tarakimu ikifuata "mia" bila kutajiwa daraja lake, inashika daraja la chini yake, yaani makumi. Sān bǎi wǔ ni 350. Ukitaka 305 lazima utie sifuri katikati: sān bǎi líng wǔ.

Baada ya hapo nimekaa miaka kadhaa katikati ya watu wetu na wenye maduka, Guangzhou na Yiwu, nikitafsiri. Ugomvi mwingi wa bei niliousuluhisha ulikuwa wa aina hiyohiyo: mmoja kaangalia vidole tu, mwingine kasikiliza maneno tu. Mchina anapozungumza hugawa kazi. Mkono unataja tarakimu, mdomo unataja daraja. Vidole vitatu kisha vitano vinaweza kuwa 35, 350, 3,500, hata 3.5, na mkono wenyewe hautakwambia ni ipi.

Kabla hatujaanza, neno kuhusu matamshi. Naandika kwa pinyin, ule mfumo wa herufi za Kilatini ambao China iliupitisha mwaka 1958. Soma q kama "ch", x kama "sh" laini, zh kama "j" nzito. Vialama juu ya irabu ni toni, nazo tutazikuta mbele.

Hatua ya 1: Zijue namba kumi za mkono mmoja

Sisi tukifika sita tunaongeza mkono wa pili. Mchina haongezi. Mkono wa pili umeshika simu, au kikombe cha chai, au sampuli yako. Moja mpaka tano hazina shida, utazitambua tu. Kazi inaanzia sita.

Sita: kidole gumba na kidole cha mwisho vimenyooka, vitatu vya katikati vimekunjwa. Kwetu hiyo ni "nipigie simu", na nimeshaona kijana wa Kariakoo akitoa simu yake mfukoni ili apewe namba.

Saba: ncha za gumba, shahada na kidole cha kati zimekutana, kama mtu anayeokota chumvi. Aliyekulia Pwani au aliyekaa Muscat ataisoma "subiri kidogo", na atasubiri kweli.

Nane: gumba na shahada, bastola ya watoto. Herufi ya nane huandikwa 八, mistari miwili iliyoachana, na mkono unaifuata. Hii ndiyo hatari kuliko zote, kwa sababu jicho la mgeni linahesabu vidole na kuona viwili. Ukiona vidole viwili, kabla hujafurahia bei, tazama ni vipi. Shahada na cha kati ni mbili. Gumba na shahada ni nane.

Tisa: shahada imepinda kama ndoana. Kumi: ngumi iliyofumbwa, au shahada za mikono miwili zikikatana msalaba, kwa kuwa kumi huandikwa 十. Hapo tu ndipo mkono wa pili huitwa kazini. Akikuonyesha ngumi baada ya wewe kuuliza bei, usirudi nyuma.

Ishara hizi zinabadilikabadilika kutoka jimbo hadi jimbo. Taiwan, kwa mfano, bastola ni saba, na nane ni bastola iliyoongezewa kidole cha kati. Kwa hiyo usijifanye bingwa. Isome ishara pamoja na neno lake. Faida kubwa ya ishara utaiona Guangzhou, ambako wenyeji wanazungumza Kikanton: nane si "bā" bali "baat", sita si "liù" bali "luk". Mdomo umebadilika lugha, mkono umebaki vilevile.

Wafanyabiashara wa mifugo wa kaskazini na kaskazini-magharibi mwa China waliufikisha ustadi huu mbali. Muuzaji na dalali walikuwa wakiingiza mikono ndani ya mkono wa joho na kubonyezana vidole, ili waliosimama kando wasijue ng'ombe amefika bei gani. Wauza lulu wa Ghuba nao walipatana hivyohivyo chini ya kitambaa. Hata hapo, kama ni mia au ni elfu, ilibidi ijulikane kwa njia nyingine.

Hatua ya 2: Fungasha kila ishara na daraja lake

Macho kwenye vidole, masikio kwenye neno linalofuata. Maneno ni machache: kuài ndiyo yuan ya mdomoni, shí kumi, bǎi mia, qiān elfu, wàn elfu kumi.

Wàn ndiyo inayotutoa jasho. Sisi tuna elfu, kisha tunaruka mpaka laki na milioni. Wao wanasimama kwenye elfu kumi na kuhesabu upya kutoka hapo. Sān wàn wǔ ni 35,000. Shí wàn ni laki moja. Mama mmoja niliyemsindikiza alijiwekea kanuni yake: ukisikia wàn, ongeza sifuri nne kwanza, maswali baadaye.

Liǎng kuài wǔ ni yuan 2 na nusu, kwa kanuni ileile iliyonila mimi. Na angalia, mbili hapo imekuwa liǎng, si èr. Wanapohesabu vitu au fedha, mbili huwa liǎng: liǎng kuài, liǎng qiān. Èr inabaki kwenye kuhesabu mfululizo, kwenye kumi na mbili na ishirini, na kwenye namba za simu. Vidole ni vilevile viwili, ndiyo maana anayetazama mkono hapotei.

Nne ni sì, kumi ni shí. Watu wengi wa kusini mwa China hutamka "sh" kama "s" kavu, kwa hiyo kinachobaki kutenganisha nne na kumi ni toni tu. Wachina wenyewe wana kauli ya kupindisha ulimi juu ya jambo hili: sì shì sì, shí shì shí, yaani nne ni nne, kumi ni kumi. Sokoni utaona mtu akisema "sì" vidole vinne vimeshainuka bila kuombwa. Anajua kwamba neno lake peke yake halitoshi.

Mtego wa mwisho kwenye fedha ni punguzo. Muuzaji anakuonyesha bastola na kusema "bā zhé". Mgeni anaruka kwa furaha, punguzo la asilimia 80! Sivyo. Zhé hutaja kile utakacholipa, si kile ulichosamehewa. Bā zhé ni kulipa sehemu 8 za 10, umepunguziwa asilimia 20. Jiǔ wǔ zhé, tisa-tano, umepunguziwa asilimia 5, na hapo anajiona amekufanyia hisani kubwa.

Hatua ya 3: Usizisome saa na siku kwa Kiswahili

Hili halimsumbui Mzungu. Linatusumbua sisi.

Dereva wa mzigo anakunja vidole vitatu vya kati na kusema "liù diǎn". Sita. Mswahili akili inamwambia saa sita, mchana kweupe. Liù diǎn ni saa kumi na mbili. Wao wanahesabu saa kuanzia usiku wa manane na adhuhuri, sisi tunahesabu kuanzia macheo na machweo. Bastola pamoja na "bā diǎn" ni saa mbili. Ukiona vidole, ruka saa sita, kama unavyofanya na saa ya ukutani.

Siku za wiki ni mbaya zaidi, maana majina yetu yamebeba namba ndani yake. Mchina anafungua kiganja na kusema "xīngqī wǔ". Tano. Jumatano? Hapana, Ijumaa. Wiki yao inaanzia Jumatatu, yetu inaanzia Jumamosi. Xīngqī yī, siku ya moja, ni Jumatatu. Xīngqī sān, ya tatu, ndiyo Jumatano. Jumamosi ni xīngqī liù, ya sita. Jumapili haina namba, ni xīngqī tiān. Kijana mmoja alikaa ghalani tangu asubuhi ya Jumatano akisubiri lori la Ijumaa, na kiganja alichoonyeshwa alikuwa amekihesabu vizuri kabisa.

Miezi ni rahisi, yote ni namba: wǔ yuè ni Mei. Ila mwezi ujao ni xià ge yuè, "mwezi wa chini", na uliopita ni shàng ge yuè, "mwezi wa juu". Muda unashuka kama maji, na mkono wakati mwingine unashuka nao. Akisema xià ge yuè huku kiganja kinateremka, hakuonyeshi mzigo uko ghorofa ya chini.

Hatua ya 4: Tanguliza kitu, mkono ukiwa juu yake

David McNeill na Susan Duncan wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwarekodi Wachina wakisimulia filamu ya katuni. Pahala ambapo bibi kizee anampiga paka, msimulizi mmoja aliushusha mkono kwa nguvu akiwa bado yuko kwenye maneno "dà bàng", rungu kubwa. Kitenzi cha kupiga kilikuja baadaye. Mkono ulikwenda na kile kinachozungumziwa, mwanzoni mwa sentensi, wala haukungoja tendo.

Kwa mnunuzi hilo lina maana mbili. Kwanza, mtazame mtu anapoanza kusema. Ukingoja amalize ndipo uangalie mkono, mkono umeshashuka. Pili, panga swali lako vivyo hivyo. Gusa kiatu na useme: "Zhè ge, hóng de, wǔ bǎi shuāng, yǒu méi yǒu?" Hiki, chekundu, jozi mia tano, vipo? Mpangilio huu si mgeni kwetu, ndivyo tunavyouliza Kariakoo kila siku: "Hivi viatu, vyekundu, jozi mia tano, vipo?" Waliojifunza kupitia Kiingereza huanza na "je, unazo" kisha wanajikwaa njiani. Fikiri kwa Kiswahili, utafika haraka zaidi.

Zhè ge ni hiki, nà ge ni kile, na mitaani utasikia "zhèi ge" na "nèi ge". Bila mkono hayana maana. Ila nèi ge ina kazi ya pili: ndiyo "nanihii" yao. Mtu akikwama neno husema nèi ge, nèi ge, nèi ge, mkono ukichezacheza hewani. Usigeuke nyuma kutafuta kinachoonyeshwa. Hakuna. Mwache atafute neno lake.

Hatua ya 5: Toni itoke mkononi kwanza

Mǎi ni kununua. Mài ni kuuza. Kwa pinyin herufi ni zilezile, tofauti ni mwendo wa sauti, na mfanyabiashara anayechanganya hayo mawili anajieleza vibaya mno mbele ya mwenye duka.

Walimu wa Kichina hufundisha kwa kiganja, nami nakushauri usione haya kufanya hivyo ukubwani. Toni ya kwanza: kiganja kinakwenda sawa, juu, kama unapangusa kabati. Ya pili: kinapanda, sauti inapanda nayo, kama anayeuliza "eeh?" Ya tatu: kinazama kisha kinanyanyuka kidogo. Ya nne: kinakata kwenda chini, kama panga kwenye muwa. Sema mǎi mkono ukizama. Sema mài mkono ukikata. Mara ishirini asubuhi, ishirini jioni. Utashangaa sauti inavyomfuata kiongozi wake.

Kiswahili hakina toni, tunabonyeza silabi ya pili kutoka mwisho na maisha yanaendelea. Lakini wengi wetu tuna lugha nyingine nyumbani. Kichaga, Kikikuyu, Kijaluo, hizo zina toni. Mjaluo niliyesoma naye alituacha wote nyuma mwezi wa kwanza, na alikuwa hafanyi juhudi yoyote ya kuonekana.

Hatua ya 6: Toa kiganja uandikiwe

Kichina sanifu kina silabi kama 400 tu ukiondoa toni, kwa hiyo maneno mengi yanafanana sauti. Majina ya watu ndiyo balaa. Bwana anajitambulisha: "Wǒ xìng Zhāng." Kuna Zhāng zaidi ya mmoja, na mara moja utamwona amegeuza kiganja cha kushoto na kuchora juu yake kwa shahada ya kulia, huku akisema "gōng cháng Zhāng", Zhāng ya upinde na urefu, maana herufi yake 張, ambayo siku hizi huandikwa 张, imeundwa na hizo mbili. Zhāng mwingine, 章, hujieleza "lì zǎo Zhāng", Zhāng ya kusimama na mapema. Wachina wawili, wenye lugha moja, wakitambulishana kwa kiganja!

Wewe huwezi kuusoma mchoro, hewani haubaki. Usitikise kichwa tu kwa adabu. Mpe kalamu, au fungua kwenye simu sehemu ya kuandika kwa kidole na umkabidhi. Jina likishaandikwa kwa herufi zake ndipo akaunti ya benki utakayopelekea kianzio inaweza kulinganishwa nalo.

Hatua ya 7: Ishara zisizo namba

Nilikuwa na mama wa makamo kutoka Mwanza tunatafuta vitenge. Tunafika kibandani, mwenye duka ananyanyua kiganja mbele ya uso wake na kukipunga kushoto na kulia, upesi upesi.

"Mwanangu, mbona anatuaga na hatujakaa?"

"Hatuagi, mama. Anasema hana."

Punga ile huambatana na "méi yǒu", hakuna, au "bú yào", sitaki. Mara nyingi mdomo hausemi kitu kabisa, punga inatosha. Sio hasira.

Mchina akijitaja yeye mwenyewe huweza kuelekeza kidole kwenye pua, pale sisi tunapogusa kifua. Kukuita atakuita kiganja kikiangalia chini, kama kwetu. Kadi, zawadi na fedha hupokelewa kwa mikono miwili, na hilo mama zetu walishatufundisha. Lakini mkono wa kushoto kwao hauna dhambi. Akikurudishia chenji kwa kushoto, hajakutukana.

Chai ndiyo ninayoipenda. Guangzhou hakuna mazungumzo ya bei bila kikombe, na kikombe hakikauki. Unapomiminiwa, gonga meza taratibu kwa ncha za shahada na kidole cha kati, mara mbili au tatu. Ni asante. Hadithi yao inasema mfalme Qianlong alitembea kwa kujificha katika karne ya 18, akawamiminia chai watumishi wake. Hawakuweza kupiga magoti wakamfichua, wakapigisha vidole magoti juu ya meza. Hadithi ni hadithi. Uzuri wake uko kwenye kazi inayofanya: mwenye duka yuko katikati ya kueleza ubora wa nyuzi, msichana anamimina, wewe unagonga, na hakuna aliyekatizwa maneno. Ukisema "xièxie" kila kikombe, baada ya vikombe kumi na tano utakuwa umemkata kauli mara kumi na tano.

Hatua ya 8: Mkono unapokuwa haupo

Kwenye simu nusu ya mazungumzo imepotea, na wao wanajua. Ndiyo maana kwenye namba za simu na za vyumba moja haitamkwi yī bali yāo, isije ikasikika kama qī, saba. Kwa nne na kumi hawana dawa kama hiyo. Kanuni yangu: namba yoyote iliyokuja kwa sauti, irudishe kwa maandishi kabla hela haijatoka.

Kuna mwenye kiwanda wa Foshan, mtu wa kusini hasa, aliyenitumia ujumbe wa sauti kuhusu seti za viti zilizobaki stoo. Sì tào au shí tào, nne au kumi? Nyuma yake mashine zinalia. Nikasikiliza mara tatu, nikaweka spika, nikamsikilizisha jirani yangu Mchina, naye akakuna kichwa. Mwisho nikapiga picha mkono wangu, vidole vinne, alama ya kuuliza chini yake, nikaituma. Jibu halikuwa na neno hata moja. Ilikuwa picha: shahada mbili zimekatana msalaba juu ya meza ya chai. Nani aliyempigia picha, na mikono yake yote miwili ilikuwa kazini, sikuuliza.